Hatari Iliyo Mezani kwa Karani
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kiuyu, Pemba)



Twashukuru kupewa nafasi ya kusema habari ya hatari ziwapatazo watumishi wa hospitali wakati wa maradhi ya kuenea. Wengi wetu tukisikia hayo humfikiri daktari na muuguzi tu. Lakini mgonjwa wa Kiuyu apelekwapo Micheweni au Wete, akikohoa mlangoni, aliye karibu naye ni nani? Ni karani wa mapokezi, ameinama juu ya daftari akimwuliza jina lake na la babake. Kisha mfagiaji. Nao mara nyingi ndio wa mwisho kuitwa mafunzoni.

UVIKO-19 ulipoingia Zanzibar Machi 2020, wagonjwa walihesabiwa na kutangazwa. Baada ya Mei hesabu zikanyamaza kwa zaidi ya mwaka mmoja. Katika kimya hicho, tarehe 17 Februari 2021, alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais, akazikwa kwao Mtambwe. Chama chake kilikuwa kimekwisha kutangaza kwamba ana ugonjwa huo. Tangazo lile twaliheshimu, kwani mtumishi hawezi kujikinga na hatari asiyoambiwa.

Shirika la Afya Duniani lilikisia kwamba watumishi wa afya waliokufa kwa UVIKO-19, tangu Januari 2020 hata Mei 2021, ni baina ya 80,000 na 180,000. Tofauti ni watu 100,000! Karani gani kati yetu angekubaliwa kufunga daftari lake hivyo?

Ama barakoa, ile nyepesi huzuia mate ya mvaaji yasiruke, lakini pembeni hewa hupita. Ile ya N95 huchuja hewa, sharti ishike uso pande zote. Penye ndevu haishiki. (Hatuwaambii waungwana wanyoe, twataka wajue.) Dirisha lililo wazi nalo hupunguza hatari, wala halina gharama.

Kwa hiyo twaomba chama kiwaandikie wakuu wa hospitali, makarani na wafagiaji wafundishwe pamoja na wauguzi. Tena liwekwe daftari la watumishi waliougua kazini, lenye tarehe, kazi ya mtu, na chumba alichokuwamo. Rasimu ya barua iko kwa Katibu. Mwenye neno la kuongeza na amwone kabla ya Ijumaa.