Rada Zilizoachwa Kaskazini na Mafuta ya Transfoma



Mazungumzo ya leo yanaanzia mbali, penye barafu. Mwaka 1957 Marekani na Kanada zilikamilisha safu ya vituo vya rada kaskazini kabisa mwa dunia, kuanzia Alaska hadi mashariki mwa Kanada. Baadaye ilifikishwa Greenland. Iliitwa DEW Line, na kazi yake ilikuwa kugundua mapema ndege za kivita za Muungano wa Kisovieti zikipitia Ncha ya Kaskazini. Vituo 42 vilijengwa Kanada, katika nchi ya Wainuit, watu wanaoishi kwa uvuvi na uwindaji. Wenyeji hao hawakuulizwa, ingawa wengi wao walipata vibarua na wakahamia karibu na vituo.

Kila kitu kililetwa kwa meli na ndege: saruji, dizeli, mitambo, hata chakula. Kilichorudishwa kilikuwa kidogo. Mapipa yalirundikwa, magari mabovu yakaachwa yalipokwama, na taka nyingine zikatandazwa juu ya barafu ya bahari ili majira ya joto yakifika zizame zenyewe. Njia rahisi kweli, kwa mtu asiyekula samaki wa pale.

Ndege zilizoogopwa hazikuja. Yalikuja makombora ya masafa marefu, ambayo rada hizo hazikuundwa kuyaona. Kufikia mwaka 1963 nusu ya vituo vya Kanada vilikuwa vimefungwa, na vilivyobaki vikazimwa miaka ya 1990 mwanzoni. Greenland kuna kimoja, DYE-2, kilichojengwa juu ya barafu yenyewe kwa nguzo za kukiinua theluji ilipozidi. Kiliachwa mwaka 1988, na kuba lake bado linaonekana katikati ya weupe mtupu.

Chuma kuukuu ni aibu tu. Hatari ilikuwa katika kemikali ziitwazo PCB, zilizotiwa katika mafuta ya transfoma na hata katika rangi za kuta kwa sababu hazishiki moto upesi. Sifa hiyo ndiyo ubaya wake: haziozi. Huingia udongoni, kisha katika mafuta ya samaki, ya sili, na mwishoni katika maziwa ya mama. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya PCB za kaskazini ililetwa na upepo na maji kutoka viwanda vya mbali, lakini vituo navyo vilichafua ardhi iliyovizunguka. Jeshi la Kanada lilisafisha vituo 21 kati ya mwaka 1996 na 2014, kwa zaidi ya dola milioni 500 za Kanada, na mikataba ikawapa Wainuit sehemu ya kazi hiyo.

Sasa turudi sokoni. Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wa PCB mwaka 1979, lakini transfoma huishi miaka mingi. Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Stockholm, unaotaka vifaa vyenye PCB viondolewe matumizini kufikia 2025 na taka zake zishughulikiwe kufikia 2028. Si kila transfoma ina PCB. Shida ni kwamba mwizi anayeitoboa usiku hapimi, na mafuta hayo yamewahi kuuzwa kwa wakaanga chipsi na samaki kwa kuwa ni ya bei ya chini na hayaishi upesi karaini. Moto wa jiko hauondoi PCB. Macho hayawezi kuzitambua, wala pua. Mwaka 2013 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliziweka katika kundi la vitu vinavyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu.

Mfanyabiashara, kwa hiyo, anunue mafuta yenye lebo na alama ya ubora, katika chombo kilichofungwa. Akiletewa mtungi usio na jina kwa nusu ya bei, ampigie simu afisa wa afya ya umma au aende kwa chifu. Mtungi huo usimwagwe mtaroni, na usichomwe: PCB zikiungua kwa moto mdogo hutoa sumu kali kuliko zenyewe. Ufungwe, uwekwe mbali na watoto na chakula, usubiri afisa.