Santuri Zenye Majina Yetu

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kemambo)



Nilipoombwa kuzungumza nilidhani nitatakiwa kueleza kazi za serikali na namna ya kupanda cheo. Katibu akasema hapana, wanafunzi wamechoka na hotuba za namna hiyo, niseme juu ya santuri zangu. Mkikereka, mlaumuni Katibu.

Mimi hukusanya santuri za jazi. Kwetu neno hili lina maana yake: tukisema jazi tunakumbuka Western Jazz, au Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, yaani bendi za dansi zenye magitaa. Ninayokusanya ni jazi ya Wamarekani weusi, na hasa ile iliyozuka kuanzia miaka ya 1960, ambayo wapigaji wake waliamua kutofungwa na mpango wa wimbo. Wengine huiita jazi huria. Jirani yangu huiita sufuria zinazoanguka.

Simlaumu. Chukueni santuri ya Ornette Coleman iitwayo Free Jazz, iliyorekodiwa New York tarehe 21 Desemba 1960. Wapigaji ni 8, wamegawanywa makundi 2, na kila kundi lina wapulizaji 2, mpiga besi na mpiga dramu. Kila mmoja hupewa zamu ya kuongoza, na wengine humwitikia wanapopenda, kwa muda wa dakika 37 hivi. Anayeisikia mara ya kwanza hutafuta mlango wa kutokea. Lakini kundi moja limewekwa katika spika ya kushoto na jingine katika ya kulia. Funga spika moja usikilize kundi moja tu, kisha la pili, ndipo ufungulie yote. Utakuta ni mazungumzo. Mtu aliyewahi kukaa penye baraza la wazee wakati shauri la ng'ombe limepamba moto ataielewa upesi.

Hata hivyo, kilichonifanya nitumie posho ya safari kununua santuri ni majina. Nilikuwa Uholanzi kwa kozi ya kikazi, nikaingia duka la santuri zilizotumika, nikakuta jalada limeandikwa Mwandishi. Ni santuri ya mpiga piano Herbie Hancock, iliyorekodiwa San Francisco tarehe 31 Desemba 1970 na kutoka mwaka 1971. Wapigaji wengi wamejipa majina ya Kiswahili. Hancock ndiye Mwandishi. Mpiga besi Buster Williams ni Mchezaji, ingawa sisi tungedhani anacheza mpira. Billy Hart ni Jabali. Bennie Maupin ni Mwile, nami nadhani walikusudia mwili. Mpiga tromboni Julian Priester ni Pepo Mtoto, jina ambalo hapa kwetu lingehitaji mganga. Na kwa bahati Mganga yumo, naye ni mpiga tarumbeta Eddie Henderson, ambaye kweli alikuwa daktari aliyehitimu Chuo Kikuu cha Howard. Kijana Leon Chancler, mpiga dramu, akaitwa Ndugu. Jina hilo alibaki nalo mpaka alipofariki mwaka 2018.

Majina hayo yalitoka kwa James Mtume, mfuasi wa mafundisho ya Kawaida ya Maulana Karenga, yule aliyeanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966. Walikichagua Kiswahili kwa sababu hakikuwa mali ya kabila moja, na wao hawakujua kila mmoja ametoka kabila gani. Na hawakuwa wa kwanza. Mwezi Novemba 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi Uhuru Afrika, na Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, akasikika humo akisema kwa Kiswahili maneno yaliyotungwa na Langston Hughes. Huo ni mwaka mzima kabla bendera yetu haijapandishwa. Si jazi huria, lakini ninaihifadhi pamoja nazo. Afrika Kusini ya makaburu iliipiga marufuku mwaka 1964, nami sijui sifa kubwa kuliko hiyo.

Sasa nirudi nyumbani. Upande wa kwanza wa Mwandishi una wimbo mmoja ambao besi hurudia mkato uleule wenye hesabu 15, huku wengine wakitangatanga juu yake. Wataalamu wameandika mengi juu ya mkato huo. Mimi nilipousikia nilikumbuka litungu, nyuzi 8 na sauti nzito inayorudi mahali palepale mpaka kichwa kinalegea. Sikufundishwa kusikiliza muziki huu huko Ulaya. Masikio nilipewa hapa Kemambo.

Tatizo ni hili. Kazi ya siku moja ya San Francisco ya mwaka 1970 naweza kuinunua leo. Litungu nililolisikia arusini nikiwa kidato cha pili, hapo ng'ambo ya uwanja, siwezi kulinunua kwa bei yoyote, kwa kuwa hakuna aliyelirekodi. Wapigaji 3 niliowajua wakati ule wamekwisha kufa. Vijana ambao wangewarithi wengi wanashinda machimboni.

Simu zenu, wanafunzi, zinarekodi vizuri. Lakini haitoshi kurekodi. Yote niliyowaeleza juu ya akina Mganga yalianzia kwenye jalada: nani alipiga nini, wapi, tarehe gani. Sauti isiyo na jalada ni yatima. Andikeni jina la mpigaji, kijiji chake, nani alimfundisha, nyuzi alizifunga vipi, na kama amekubali isikilizwe na watu wengine. Nimeacha maktaba santuri 12, kinanda chake na sindano 2 za akiba, pamoja na kabati. Santuri zisimame wima, mbali na bati na jua. Rafu ya chini ya kabati nimeiacha tupu kwa makusudi.

Kesho saa 8 mchana, bwaloni, tutasikiliza upande wa kwanza wa Mwandishi. Baadaye atapiga mzee mmoja wa hapa jirani, ambaye amekubali kurekodiwa kwa sharti kwamba asiharakishwe. Anayeweza kuja na daftari na aje nalo.