Tuangalie Maji Kabla ya Kulipa
Hotuba ya Ofisi ya Miradi ya Dayosisi kwenye semina ya kamati za sharika zenye boti



Tumeombwa tuzungumze juu ya ununuzi wa injini za boti zilizokwisha kutumika. Tungependa kuanza kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, boti ya zahanati inayohudumia visiwa vya Wilaya ya Muleba, katika Ziwa Viktoria, ilihitaji injini. Fedha zilikuwa haba, hivyo tukanunua iliyotumika, ya nguvu farasi 40. Muuzaji alivuta kamba mara moja, injini ikawaka na kunguruma. Tulipiga makofi, tukalipa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kama maji yanazunguka ndani yake. Wiki ya tatu, boti ikiwa imembeba mama mjamzito aliyepewa rufaa, injini ilipungua nguvu, ikatoa harufu ya kuungua, ikazima katikati ya ziwa. Nahodha na muuguzi walipiga makasia hadi wavuvi walipowaona na kuwavuta. Tunamshukuru Mungu, mama yule alifika akajifungua salama. Injini haikupona. Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya silinda, na fundi alipofungua sehemu ya chini alikuta impela ya pampu ya maji haina mabawa hata moja. Kipande cha mpira kinachoenea kiganjani kiliua mashine nzima, na fedha iliyopotea ilikuwa sadaka ya watu.

Ndugu wanakamati, injini ya boti haina rejeta kama gari. Inapoozwa na maji ya ziwa lenyewe. Maji huingia kwenye matundu madogo yaliyo karibu na propela, impela huyasukuma juu, yanazunguka kwenye silinda, kisha yanatoka pamoja na moshi. Sehemu kidogo hutokea kwenye tundu la nyuma kama mchirizi, na huo ndio ushahidi wetu wa kwanza kwamba pampu inafanya kazi. Injini nyingi zina pia themostati, ambayo huzuia maji mpaka injini ipate joto lake la kazi, kisha hufunguka.

Basi, kabla ya kulipa tufanye hivi. Kwanza, tufike injini ikiwa baridi. Tuiguse. Tukikuta imeshawashwa tusubiri ipoe, kwa kuwa injini yenye moto huwaka kwa urahisi na kuficha maradhi yake. Pili, tufungue kifuniko tutazame kichwa cha silinda. Rangi iliyobabuka au kugeuka kahawia sehemu moja huonyesha kwamba injini iliwahi kuungua. Chumvi nyeupe kwenye maungio hueleza kwamba ilifanya kazi baharini, na chumvi hiyo huziba njia za maji kwa ndani.

Tatu, iwashwe ndani ya pipa la maji au ziwani, matundu ya kuvutia maji yakiwa yamezama kabisa. Asije mtu akaiwasha nchi kavu "kidogo tu," kwa sababu impela hulainishwa na maji, na ikikauka huungua kwa muda mfupi sana. Mchirizi unapaswa kuonekana mapema na kuendelea bila kukatika. Ukiwa dhaifu, injini izimwe, tundu lichokolewe kwa uzi mnene wa nailoni wa kuvulia samaki, kwani mara nyingi ni mchanga au kiota cha nyigu. Ukiendelea kuwa dhaifu, tushuku impela.

Nne, tupime joto. Hapa wengi hukosea. Mchirizi mzuri unathibitisha kwamba pampu inasukuma, lakini hauthibitishi kwamba maji yanafika kila silinda. Tutumie kipimajoto cha kuelekeza, cha aina wanayotumia mafundi. Vile vya kupimia watu mlangoni wakati wa UVIKO-19 havifai, maana vimetengenezwa kwa joto la mwili tu. Baada ya injini kunguruma taratibu kwa dakika kumi hivi, kichwa cha silinda kwa kawaida husoma kati ya nyuzi 50 na 70 za Selsiasi. Kikipanda kuelekea 90, izimwe mara moja. Silinda moja ikiizidi nyingine sana, kuna njia iliyoziba au ugonjwa mwingine. Maji ya pipa nayo hupata moto, hivyo yaongezwe mapya, na kipimo cha mwisho kifanyike ziwani, boti ikiwa na mzigo.

Hata injini ikifaulu yote haya, tununue impela mpya na kuifunga kabla ya safari ya kwanza. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya injini. Baada ya hapo ikaguliwe kila mwaka, au mapema zaidi kama boti hupita kwenye mchanga na matope.

Manahodha wetu nao wazoee kugeuka nyuma kutazama mchirizi. Ukikatika safarini, wazime, wainue injini, waondoe magugu maji au mfuko wa plastiki ulioziba matundu. Injini iliyoungua isimwagiwe maji baridi, kwani chuma chenye moto hupasuka. Iachwe ipoe yenyewe. Makasia, nanga na maboya ya kujiokolea yasikosekane botini hata siku moja.

Kwa wahisani wetu, tunaomba jambo moja. Mnapoona kwenye bajeti mstari wa kipimajoto, impela na posho ya fundi wa kukagua, msiuone kuwa ni matumizi ya ziada. Sisi tuliubana mstari huo, tukapoteza injini nzima, na nusura tupoteze watu wawili.

Kwa kamati za sharika, tumekubaliana katika ofisi yetu kwamba hatutatia saini malipo ya injini iliyotumika bila karatasi ya majaribio yenye vipimo vya joto, sahihi ya fundi asiyetoka kwa muuzaji, na sahihi ya nahodha atakayeiendesha. Muuzaji akikataa injini yake ipimwe, tumshukuru, tuondoke.

Mungu awabariki, na awalinde wote wanaosafiri majini.