Simu Ndogo na Vijiti vya Mtandao: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua au Kupokea Msaada

(Mada iliyotolewa na mratibu wa mawasiliano wa shirika letu katika semina ya kamati za maendeleo za parokia, mbele ya wageni wafadhili. Imefupishwa kidogo.)



Mada niliyopewa inahusu simu janja ndogo na jinsi ya kuelewa mawimbi ya kampuni za simu. Huenda baadhi yenu mnajiuliza jambo hili la mafundi limeingiaje katika kikao cha kamati za parokia. Limeingia kwa sababu wahudumu wetu wa afya ya jamii wanahitaji simu, wafadhili wameonyesha nia ya kuzileta, na kinachopendekezwa ni simu janja ndogo zilizokwisha kutumika, zile zinazoingia katika mfuko wa shati, ambazo huko kwao watu wengi wameziacha kwa kupenda vioo vikubwa. Ni moyo mwema. Lakini kabla ya kuitikia ahsante, tuelewe simu hiyo itafanya kazi gani ikifika katika kigango kilicho nyuma ya mlima.

Kazi yenyewe mnaifahamu. Tangu mfumo wa m-mama ulipozinduliwa kitaifa mwaka 2022, mama mjamzito aliyepata dharura, au aliyetoka kujifungua, au mtoto wake mchanga, huombewa usafiri kwa kupiga namba 115 bila malipo. Anayepokea hutafuta gari la wagonjwa, na lisipopatikana humtafuta dereva wa kijamii aliyeandikishwa, ambaye hulipwa kwa njia ya simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Kila hatua hapo inapita katika simu. Simu isiposhika usiku huo, gari haliji.

Tuanze na vile vijiti vinne au vitano vinavyoonekana juu ya kioo. Watu huviamini kama mshale wa mafuta kwenye gari. Ukweli ni kwamba hakuna kipimo kimoja cha dunia nzima kinachosema kijiti kimoja ni kiasi gani; kila mtengenezaji hujiamulia. Mwaka 2010, baada ya malalamiko mengi kuhusu iPhone 4, kampuni ya Apple ilitangaza hadharani kwamba hesabu iliyokuwa ikitumia kuchora vijiti haikuwa sahihi, na kwamba mara nyingi simu zake zilionyesha vijiti viwili zaidi ya vilivyostahili. Basi usilinganishe simu mbili za aina tofauti kwa kuhesabu vijiti. Unaweza kuiacha iliyo bora mezani.

Kuna jambo la pili, ambalo naona ni zito zaidi. Vijiti vinaonyesha jinsi simu inavyousikia mnara. Havionyeshi jinsi mnara unavyoisikia simu. Mnara una umeme wake na hutangaza kwa makumi ya wati. Simu ya 2G katika masafa ya megahezi 900 haizidi wati 2, na simu ya kawaida ya 4G hutoa takriban sehemu moja ya tano ya wati. Mfikirie mtu mwenye kipaza sauti ng'ambo ya bonde, nawe unamjibu kwa mdomo mtupu. Wewe unamsikia vizuri, yeye hakusikii. Ndiyo maana unaona vijiti viwili, unapiga, na kunakuwa kimya. Vilevile vijiti havisemi kama mnara una nafasi. Siku ya gulio mawimbi yanaweza kuwa tele na simu isitoke, kwa sababu watu ni wengi kuliko njia zilizopo.

Kipimo cha kuaminika zaidi kimefichwa ndani ya simu. Katika simu nyingi za Android fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha sehemu ya hali ya SIM. Utakuta namba yenye alama ya kutoa, kwa mfano −87, ikifuatiwa na herufi dBm. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Ikishuka kwa 3, nguvu imepungua nusu. Ikishuka kwa 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Angalieni pia ni mtandao gani unaopimwa. Katika 2G, −100 ni ukingoni kabisa. Katika 4G, −100 bado huweza kufanya kazi kwa sababu hupimwa kwa namna nyingine, na ukingo uko karibu na −115 au −120. Mwandike namba pamoja na aina ya mtandao, la sivyo namba haina maana.

Sasa nije kwenye udogo wa simu. Mawimbi yana urefu. Yale ya megahezi 1800 yana urefu wa takriban sentimeta 17, ya 900 takriban sentimeta 33, na ya 700 takriban sentimeta 43. Yale marefu husafiri mbali zaidi na hupenya ukuta na miti vizuri zaidi, kwa hiyo ndiyo yanayofaa vijijini, ambako minara ni michache. Lakini mawimbi marefu hutaka antena kubwa, na katika simu mwili wote wa simu hushiriki katika kazi ya antena. Simu yenye urefu wa sentimeta 10 ni fupi mno kwa wimbi la sentimeta 43, na ukiishika, kiganja kinaifunika karibu yote. Matokeo yake ni kwamba simu janja ndogo huwa dhaifu hasa katika yale masafa yanayokifikia kijiji. Mjini huwezi kugundua, kwa kuwa mnara uko karibu.

Mtaniambia kitochi nacho ni kidogo, mbona kinashika? Ni swali la haki. Kitochi kama Nokia 105 ya mwaka 2013 kiliundwa kwa masafa mawili tu, 900 na 1800, na antena yake haina kazi nyingine. Simu janja ndogo inabanwa ndani ya nafasi hiyohiyo iwe na 2G, 3G, 4G, Wi-Fi, Bluetooth na GPS. Wahandisi wengine wameliweza jambo hilo kuliko wengine, kwa hiyo sisemi kila simu ndogo ni mbaya. Nasema ipimwe.

Kitochi hicho kinatufundisha pia habari ya betri. Betri yake ilikuwa ya mAh 800. Palm iliyotoka mwaka 2018, simu janja ndogo ya kioo cha inchi 3.3, nayo ilikuwa na mAh 800. Betri ni sawa, lakini ya kwanza hukaa siku nyingi bila kuchajiwa na ya pili ilitaka chaji kila siku hata mjini. Tena simu iliyo mbali na mnara hupaza sauti kwa nguvu zake zote, na inapopoteza mtandao huutafuta tena na tena. Simu inayoshinda siku nzima pale ofisini kwetu inaweza kuzimika alasiri kule bondeni, na kuchaji kwa sola ya jirani kuna gharama yake. Wengine hushauri kuweka hali ya ndegeni ili kutunza chaji. Kwa mhudumu anayesubiri kuitwa ushauri huo haufai. Afadhali, pale ambapo 4G ni hafifu na 2G ipo imara, achague 2G pekee katika mipangilio. Atapoteza picha za WhatsApp lakini atapatikana.

Ndugu wafadhili, hapa naomba mnisikilize kwa makini. Masafa hayafanani duniani. Simu za GSM barani Afrika na Ulaya zilijengwa juu ya 900 na 1800. Marekani walitumia 850 na 1900. Baadhi ya kampuni za huko zilitumia mfumo mwingine kabisa uitwao CDMA. Verizon ilizima wa kwake mwishoni mwa mwaka 2022, na simu zilizotegemea mfumo huo peke yake ni za kuonyesha watoto tu. Nyingine ni nzima lakini zimefungwa kwenye kampuni moja na hazikubali laini ya kwetu. Kuna hatari isiyoonekana haraka: simu inaweza kushika 4G yetu na kufungua intaneti vizuri, lakini mara nyingi ukipiga simu ya sauti kifaa hushuka kwenye 3G au 2G ili kuipitisha. Kama hakina masafa ya 900, na 900 ndiyo iliyopo kijijini, kitaonyesha picha ya harusi na kitashindwa kuita 115.

Zipo simu ndogo zisizo na tatizo hilo la masafa. iPhone 12 mini ya mwaka 2020 na 13 mini ya mwaka 2021 zina masafa mengi ya dunia. Lakini bei ya kuzitengeneza kioo huku kwetu, tuseme kweli, inaweza kuzidi bei ya kitochi kipya.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kabla ya kufunga sanduku, tutumieni namba ya modeli ya kila simu, ile iliyoandikwa mgongoni au katika mipangilio, ili tuyaangalie masafa yake. Mkiweza kutoa fedha zikanunuliwe hapahapa, ni bora zaidi, kwa sababu kamati itapata risiti, dhamana na fundi wa karibu. Na ninyi wajumbe mkinunua, pigeni *#06# dukani muone namba ya utambulisho wa simu na kuilinganisha na ile ya kwenye boksi. Mnakumbuka Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchi nzima. Wapo waliokuwa na simu nzuri kwa macho tu. Napendekeza pia kila mhudumu atakayepewa simu janja abaki na kitochi chake chenye laini ya kampuni nyingine. Mnara mmoja ukizimika, mwingine huenda upo.

Kuhusu majengo, bati ni adui mkubwa. Zahanati yenye paa la bati na nondo madirishani hupunguza mawimbi sana, basi mhudumu atoke nje kabla ya kusema mtandao haupo. Mvua yenyewe haiyazuii sana masafa haya ya simu. Kinachosumbua wakati wa masika ni umeme wa mnara na zile sahani zinazounganisha mnara na mnara. Vifaa vya kuongeza mawimbi vinavyouzwa mitaani msivinunue bila kuhakikisha vimeidhinishwa na TCRA, kwa maana vinaweza kuharibu mawasiliano ya kijiji kizima.

Pale ambapo hakuna simu inayoshika, simu nyingine haitasaidia. Panahitaji mnara. Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, yaani UCSAF, ilisaini mwaka 2023 mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Kamati inayofika halmashauri na orodha ya vipimo vyake, kitongoji kwa kitongoji, husikilizwa tofauti na ile inayofika na malalamiko.

Fomu za kupimia ziko kwa katibu. Kila kigango kipime mahali patatu: zahanati, nyumbani kwa mhudumu, na barabara ambako gari hufika. Kila mahali pimeni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kwa laini za kampuni mbili, kisha mjaribu kupiga kweli na kuandika kama ilitoka. Zirudi ofisini kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Wafadhili wetu watapelekewa nakala, na wamekubali kusubiri nakala hizo kabla ya kutuma chochote.