Somo Kutoka Eldoret

Majirani wetu wa Kenya wametoa mfano katika jambo lisilopigiwa ngoma. Mjini Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, wafamasia walianzisha kliniki maalumu ya wagonjwa wanaotumia warfarini, yaani dawa ya kuzuia damu isigande mishipani. Taarifa ya kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2011.

Dawa yenyewe si ngeni. Ilitumika kwanza kuulia panya, ikaruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954. Mwaka 1955 Jenerali Dwight Eisenhower, aliyekuwa Rais wa Marekani, alipewa dawa hiyo baada ya kupatwa na shambulio la moyo. Lakini ni dawa isiyosamehe uzembe. Ikipungua, damu huganda na kuleta kiharusi. Ikizidi, mgonjwa huvuja damu, hata ubongoni. Kwa wagonjwa wengi kipimo cha damu kiitwacho INR hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3.

Kiwango hicho huyumbishwa na mambo ya kila siku. Mboga za majani zikiliwa ghafla kwa wingi, nguvu ya dawa hupungua. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huipunguza pia. Metronidazoli na kotrimoksazoli huizidisha, nayo aspirini huongeza hatari ya kuvuja damu. Mgonjwa hakatazwi mchicha. Anatakiwa asibadilishe chakula ovyo, na amweleze mganga kila dawa anayotumia.

Wapo wanaodhani kwamba dawa mpya zisizohitaji kipimo hicho zitamaliza kazi yote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliohusu wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, ulionyesha vingine. Wagonjwa hao walikuwa na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, yatokanayo na homa ya baridi yabisi. Waliotumia dawa za jamii ya warfarini, huku wakipimwa mara kwa mara, walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroksabani, ambayo ni mojawapo ya dawa hizo mpya. Wataalamu wanaendelea kujadili sababu zake. Hata hivyo ni dhahiri kwamba dawa ya zamani haijapitwa na wakati pale inapoandamana na uangalizi.

Jambo hili linawahusu askari na polisi moja kwa moja. Askari anayetumia dawa hii, au ambaye mkewe au mzazi wake anaitumia, anapopata uhamisho hana budi kuondoka na kadi ya vipimo na kujua mapema hospitali atakayopimwa huko aendako. Mahabusu akisema kuwa anatumia dawa ya damu, asinyimwe dozi yake, na mganga aarifiwe. Majeruhi wa ajali anayetumia dawa hiyo, akigongwa kichwani, apelekwe hospitali upesi hata kama jeraha halionekani, kwa kuwa damu huweza kuvuja ndani kimyakimya.

Zamu ya lindo haikatizwi kwa sababu usiku umekuwa shwari. Vivyo hivyo mgonjwa asiache dawa wala kipimo kwa sababu anajisikia mzima. Huo ndio mfano wa Eldoret unaostahili kuigwa.