Hotuba ya Kamati juu ya Choo na Chumba cha Kuogea cha Wazee



Neno tulilokuja nalo ni la chooni, na twajua si desturi kulitamka mbele ya wazee. Lakini haya yetu imekwisha kutugharimu. Kwa hiyo twaomba radhi, kisha tuseme.

Mwaka huu mzee mmoja wa chama chetu aliteleza akioga. Aliangukia nyuma ya mlango, na mlango ule ulifunguka kwa ndani. Wanawe wakashindwa kuusukuma bila kumwumiza, hata ikabidi wang'oe bawaba. Nyonga ilivunjika. Tulipokwenda kumjulia hali, alitwambia kwamba tangu zamani alikuwa hanywi maji jioni, ili asilazimike kwenda chooni usiku. Aliogopa, naye hakumwambia mtu. Nasi hatukumwuliza.

Watu husema ajali haina kinga. Hii ilikuwa nayo. Shirika la Afya Ulimwenguni limekadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na waliopita miaka 60 ndio wanaokufa kwa wingi zaidi. Basi Kamati ilimwita fundi, naye akatufunza haya.

Kwanza, sakafu. Vigae vinavyong'aa huteleza vikipata sabuni. Saruji iliyopigwa ufagio kabla haijakauka hushika mguu; nayo iinamishwe kidogo kuelekea tundu la maji, yasituame.

Pili, vishikio. Bomba la chuma lifungwe sentimita 85 hadi 90 kutoka sakafuni, karibu na choo na mahali pa kuogea. Lishike jiwe, si plasta tu. Na ukuta ukiwa wa udongo au mabati, nguzo isimikwe ardhini kwa zege. Kabla mzee hajakitegemea kishikio, kijana mzito wa nyumba hiyo akining'inie.

Tatu, kikalio. Kuchutama juu ya shimo ni taabu kwa magoti ya uzee. Kiti cha mbao au matofali chenye tundu, kimo chake kama sentimita 45, chatosha. Kuwe na kigoda imara cha kuogea, na ndoo iwekwe juu ya meza fupi, mtu asiiname.

Nne, mlango ufunguke kwa nje, na komeo lake liweze kufunguliwa kutoka nje. Taa iwepo; na choo kikiwa uani, njia yake imulikwe. Fedha zikiwa haba, anzeni na taa na sakafu.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zao na Serikali. Mtu kuoga peke yake, mlango umefungwa, ni sehemu ya heshima hiyo.

Mzee wetu amerudi nyumbani, anatembea kwa mkongojo. Alipooneshwa kishikio alikikataa, akasema yeye si mtoto. Tulipomzuru tena, tulikikuta kimelowa maji. Hatukusema neno.

Ombi letu ni moja. Kila mwanachama arudipo kwao, aingie chumba wanachoogea wazazi wake, akitazame, kisha awaulize kwa upole. Usipoziba ufa utajenga ukuta.