Vumbi la Kiwandani na Kifua cha Mfanya Kazi

Hotuba kwa wazee, walimu na wakulima wa Lulindi



Tumekusudia kusema nanyi habari za vumbi. Huenda mtu akacheka na kusema, Vumbi gani hili la kuitiwa mkutano, nasi kila kiangazi twalila pamoja na ugali? Lakini vumbi la njiani silo tulilokuja kulinena. Tulilokuja kulinena ni lile linalozaliwa ndani ya nyumba yenye mashine, ambamo kijana wa mtu au binti wa mtu hukaa tangu asubuhi hata jioni, wala hana hewa nyingine ya kuvuta ila iliyomo humo.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa huku. Katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 vilijengwa viwanda vikubwa vya kubangua korosho, kama vile Masasi, Newala, Mtama, na Likombe huko Mtwara. Vingi vilifungwa upesi, maana mavuno ya nchi yalianguka kutoka tani 145,000 hivi katika msimu wa 1973/74 hata chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87, na mashine zikakosa kitu cha kula. Tangu hapo baadhi vimefufuliwa, na vingine vidogo vimeanzishwa, nayo Serikali imetangaza nia yake kwamba korosho zibanguliwe hapa hapa nchini, badala ya kupakiwa melini na maganda yake. Nasi twapenda iwe hivyo. Kazi na ije, ila isije na kikohozi.

Basi na tuanze na mashine mnayoijua, ile ya kusaga mahindi. Nyundo zake huvunja punje, na upepo wa feni husukuma unga mpaka katika pipa la bati lililo pana juu na jembamba chini. Ndani ya pipa hilo upepo hauendi moja kwa moja, bali huzunguka kama kisulisuli kinavyozunguka uwanjani. Unga, kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hutupwa ubavuni mwa pipa, kisha huteremka chini na kuangukia katika debe lako. Hewa hutokea juu, nayo hupita katika mfuko wa kitambaa ili unga uliobaki unaswe. Mtu aliyefahamu pipa hili na mfuko huu amefahamu karibu nusu ya elimu ya kukamata vumbi, maana viwanda vikubwa vya Ulaya na Marekani hutumia vitu hivyo viwili, ila vya kwao ni vikubwa zaidi. Pipa hukamata vumbi nene. Mfuko hukamata jembamba. Penye pipa pasipo mfuko, au penye mfuko uliotoboka, lile jembamba huwarudia watu.

Tena hilo jembamba ndilo baya. Wataalamu hupima chembe za vumbi kwa mikroni, na mikroni moja ni sehemu moja katika elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Chembe zinazozidi mikroni 10 kwa kawaida hunaswa puani na kooni, na mtu huzitoa kwa kupenga na kutema. Lakini zile za mikroni 4 au pungufu huweza kushuka mpaka mwisho wa mapafu, katika vifuko vya hewa, mahali pasipo na ute wa kuzichukua. Chembe hizo hazionekani kwa macho ila mwali wa jua ukipenya tunduni. Kwa sababu hiyo mtu asidanganyike akiona sakafu imefagiwa. Vumbi analoliona chini limekwisha kutua, na lile la kumdhuru bado linaelea.

Ajabu nyingine ni hii. Washeni koroboi, mkae mbali nayo kwa kadiri ya urefu wa mkono, mkaipulize, itazimika. Kisha iwasheni tena, mkajaribu kuizima kwa kuvuta hewa mdomoni badala ya kupuliza. Hamtaweza. Upepo unaosukumwa huenda mbali, bali upepo unaovutwa hutoka pande zote, na nguvu yake hufa karibu sana. Mdomo wa bomba la kunyonya vumbi, ukitengwa na chanzo cha vumbi kwa kadiri ya upana wa mdomo wenyewe, nguvu yake hubaki kama sehemu moja katika kumi. Kwa hiyo bomba lililotundikwa darini, hata likivuma kama simba, halimfai mtu aliyeketi mezani. Yafaa mdomo wa bomba uwe palepale vumbi linapotoka, tena usiwe juu ya kichwa cha mfanya kazi, maana hapo vumbi litapita puani mwake kwanza. Na feni yafaa iwekwe nyuma ya mifuko, ipate kuvuta hewa iliyokwisha kuchujwa.

Babu zetu wengi wa nchi hii walikwenda mkonge, Lindi na hata Tanga, wakaitwa manamba. Walioingia kiwandani waliona jambo linalofundisha sana. Katika korona, mashine inayokamua majani, maji humiminika mchana kutwa, na vumbi ni haba. Katika chumba cha brashi, ambamo nyuzi zilizokwisha kukaushwa juani husuguliwa, mtu hutoka mweupe kama aliyepakwa unga. Mkonge ni ule ule. Kilichopungua ni maji. Wataalamu waliopima viwanda vya mkonge vya Tanzania katika miaka ya 2000 waliona vivyo hivyo, kwamba vumbi la brashi limezidi sana lile la korona, na wenye kukohoa na kubanwa na kifua walikuwa wengi zaidi kwenye brashi.

Mwenzetu atauliza, Kwa nini basi tusinyunyize maji kila mahali? Maji ni dawa ya bei nafuu penye kupasuliwa mawe, na wale wanaoponda kokoto chini ya milima ya mawe ya Masasi wangefanya vema kuyatumia, kwa kuwa mawe hayo yana silika, ambayo hukausha mapafu kwa miaka mingi na kuifungulia mlango kifua kikuu. Lakini korosho iliyomenywa ikipata maji huota ukungu. Tena watu wa Newala hawahitaji kukumbushwa na sisi jinsi maji yalivyo na thamani juu ya uwanda.

Katika kiwanda cha korosho hatari si moja. Kwenye kukaanga hutoka moshi wa mafuta ya maganda, mafuta yale yale yanayochoma mikono ya mbanguaji, nao huwasha macho na koo. Mahali hapo pafaa dohari refu na nyumba iliyo wazi pande zote. Kwenye kumenya, ngozi nyekundu ya korosho, ikiisha kukaushwa katika tanuri, hupukutika na kuwa vumbi, hasa zikiwapo mashine zinazoipeperusha kwa hewa ya nguvu. Wafanya kazi wa kumenya na kuchambua, kwa sehemu kubwa, ni wanawake. Meza zao zafaa kuwa na midomo ya kunyonya, na sakafu isafishwe kwa mashine ya kufyonza, wala si kwa ufagio mkavu.

Habari ya kufunga leso usoni twaisema upesi. Leso huzuia makapi, haizuii chembe nyembamba. Barakoa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hufaa, ikikaza usoni, tena ikibadilishwa. Lakini ni ngao ya mwisho, na mwenye kiwanda anayegawa barakoa ili asinunue feni amegeuza mambo.

Tena vumbi hushika moto. Tarehe 2 Mei 1878, kinu kikubwa cha unga katika mji wa Minneapolis, Marekani, kililipuka kwa vumbi la unga wenyewe, wakafa watu 18. Salfa tunayopulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga nayo ni vumbi la namna hiyo. Ghala yake isiingie sigara wala koroboi.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, iliyoshika mahali pa ile ya Viwanda ya mwaka 1950, yamlazimu mwajiri kuwalinda wafanya kazi na kuwapima afya zao. Na kwa sheria ya mwaka 2008 uliwekwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, unaomlipa aliyeugua kwa ajili ya kazi yake. Shida ni kwamba ugonjwa wa vumbi haubishi hodi mapema. Mtu hurudi kijijini amekwisha kuacha kazi miaka kumi, anakohoa. Huyu asema ni kifua kikuu, yule asema amelogwa, wala hapana karatasi ya kuonyesha alikuwa wapi. Mwaka wa 1700 mganga wa Italia, jina lake Ramazzini, aliandika kitabu cha maradhi ya wenye kazi, akawaagiza waganga wenziwe wamwulize mgonjwa swali moja zaidi, yaani afanya kazi gani. Swali hilo laweza kuulizwa katika zahanati zetu pia. Aulizwe na siku: wafanya kazi wa pamba na kitani wenye ugonjwa wa vumbi hubanwa kifua hasa Jumatatu, baada ya mapumziko.

Nanyi, Wazee na Walimu, twawaomba daftari moja katika kila kijiji. Liandikwe jina la kila anayekwenda kiwandani, jina la kiwanda, chumba alichofanyia kazi, mwaka alioingia na mwaka aliotoka, tena kama alipimwa kifua kabla ya kuanza.